Shavu la Kushoto

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Wakubwa walimwita Fundi. Watoto walimwita Babu Shavuni, na hilo walilitoa kwake mwenyewe, maana ndilo neno la kwanza walilolisikia walipoletwa kupimwa sare za shule. Mtoto akiingia dukani kwake anajinyonganyonga utadhani kamwagiwa upupu, mama yake anafoka, tepu inateleza, kiuno kinasoma namba nyingine kila kikipimwa. Basi Fundi hufungua kopo lake la bati, hutoa peremende moja, husema, "Shavuni! La kushoto. Usitafune. Ukitafuna tu, suruali yako itatoka na mguu mmoja." Mtoto huganda mpaka apimwe kila mahali. Mafundi wengine walikemea na kufinya, wakaishia kushona mashati yenye mikono isiyolingana. Sare zake yeye zilikaa.

La kushoto, kwa sababu alizoea kusimama upande wa kulia wa mtoto, na hakupenda mate yenye sukari yamdondokee kwenye tepu. Na huko kutotafuna nako kulikuwa na elimu yake. Fundi aliamini, na angekubishia mpaka kesho, kwamba meno huharibiwa na kutafuna. Anayemumunya taratibu hana hatia; meno yake yanakaa pembeni yanatazama tu. Nani alimfundisha hayo? Hakuna. Yalikuwa maneno ya mzaha aliyoyasema siku moja, watu wakacheka, akayarudia na kuyarudia hadi mwenyewe akayaamini.

Alikuwa mtu wa cherehani tangu ujana. Hata mkewe, alipokuwa hai, alipenda kusema kwamba mumewe ana wake wawili na yeye ndiye mdogo. Mke alipofariki alimwachia binti mmoja, na binti huyo naye alikuwa amekwisha kumletea mjukuu, msichana mwembamba mwenye macho makubwa ambaye Fundi alimpa jina la Kifungo. Alimwita hivyo kwa sababu tangu anatambaa alikuwa chini ya meza ya kukatia, akichambua vifungo kwa rangi na kwa matundu. Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri. Alimshusha mtoto kwa babu yake akiwa bado ana usingizi, akarudi kumchukua alasiri. Shule zikifunguliwa Kifungo alikwenda darasani na kurudi pale pale. Zikifungwa, alishinda dukani kutwa nzima.

Na kutwa nzima ni ndefu kwa mtoto. Akianza kuchoka, akianza "Babu hiki, Babu kile," Fundi ana marinda mkononi na wateja mlangoni, dawa ilikuwa moja. Kopo linafunguliwa. Shavuni. Duka linatulia. Hiyo ikiisha, nyingine.

Mama mtu aliwahi kukuta karatasi za peremende mfukoni mwa sweta la mtoto. Siku hiyo hakupiga kelele, na Fundi angependa zaidi kama angepiga.

"Baba, nimekuomba mara ngapi? Nikikuta tena, mtoto simleti hapa. Nitampeleka kwa shangazi yake, hata kama ni mbali."

"Mwanangu, yamekwisha," Fundi akasema, mkono kifuani. "Hutakuta tena."

Na kweli hakukuta tena. Walianza kuzitupa karatasi kwenye taka za mabaki ya vitambaa, na Kifungo akafundishwa kusukutua kabla mama hajafika. Ikawa siri ya wawili, na mtoto aliipenda siri hiyo kuliko hata peremende zenyewe. Kabla ya likizo alipomfungulia babu yake mdomo na kumwonyesha gego la nyuma kabisa, chini kushoto, lenye shimo jeusi, Fundi alilichungulia kupitia miwani yake ya kazi, akacheka.

"Hilo la utoto, bibie. Litadondoka lenyewe, na lingine liko mlangoni linangoja zamu. Mama yako usimsumbue."

Kifungo hakumsumbua mama yake. Alianza kutafunia kulia.

Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa ndiyo wiki ya kumjua fundi. Wazazi ambao likizo nzima walikuwa wakipita mlangoni wakipunga mikono, sasa walijaa kizingitini wote kwa pamoja, kila mmoja na kitambaa chake na dharura yake. Asubuhi moja ya wiki hiyo Kifungo aliletwa kukiwa bado na giza, amejivuta ndani ya sweta mpaka masikioni. Mama yake alimbusu utosini, akakimbilia zamu yake. Mtoto akapanda kigoda chake. Uji wake ulibaki kwenye chupa.

Kulipopambazuka, Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaona shavu la kushoto la mjukuu wake limejaa.

"We bibie! Nani kakuruhusu kufungua kopo asubuhi yote hii?"

Kifungo akatikisa kichwa. Fundi akacheka, akamkazia jicho la utani, akarudi kwenye kola aliyokuwa akiigeuza. Angemfuatilia, ila aliingia Mama Pacha, mwanamke mpole mwenye watoto wawili wasio na upole hata kidogo, na sare zao zilikuwa bado hazijashonwa vifungo. Wakapimwa upya, maana walikuwa wamerefuka. Kopo likafunguliwa, mashavu mawili yakajaa, yakapungua, yakaisha. Mapacha walipokuwa wakiramba vidole vyao, Fundi alitupa jicho kule kwenye kigoda. Shavu la Kifungo lilikuwa vile vile.

Lilikuwa limezidi, kwa kweli.

"Hiyo peremende gani isiyoisha?" akauliza, na sasa hakuwa akicheka sana. Akamkingia kiganja mdomoni kama alivyozoea kufanya walipoisikia sauti ya mama mlangoni. "Tema hapa."

Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yakamtiririka, bila sauti.

"Fungua mdomo."

"Siwezi," Kifungo akasema, na neno lilipita kati ya meno yaliyofungana.

Fundi akamgusa shavu. Lilikuwa gumu, limevutika, na lilikuwa na moto. Asubuhi nzima alikuwa akimtazama mtoto anavimba, na asubuhi nzima alikuwa akiona peremende.

Sasa ni vizuri kusema alichofanya kwanza, maana katika yote, hilo ndilo ambalo mwenyewe hakujisamehe kamwe. Hakumbeba mtoto. Alilichukua kopo, akalisukumiza chini kabisa ya rundo la mabaki ya vitambaa, akapanga vipande vyekundu juu yake. Alikuwa anamwona binti yake amesimama mlangoni. Alikuwa anamsikia akisema shangazi, hata kama ni mbali. Halafu ndipo akaja kwa mtoto na dawa ya maji ya homa, akamdondoshea kwenye pembe ya mdomo, nusu ikamwagikia kidevuni. Akampondea karafuu, ila karafuu ingepita wapi? Akamlaza juu ya vitambaa, akamfunika.

"Pumzika, mjukuu wangu. Mama yako akitoka kazini tutajua la kufanya."

"Fundi," Mama Pacha akasema taratibu, "huyo mtoto si mzima."

"Jino tu. La utoto. Watoto wanavimba, wanavimbuka."

Akakaa kwenye cherehani. Mguu ulikanyaga, sindano ikaenda, na mshono ukaenda pembeni. Akafumua. Akashona tena, ukaenda pembeni tena. Mkono ule uliokuwa ukishona pindo gizani umeme ukikatika, leo haukuona mstari wa chaki uliokuwa mbele yake. Kila alipogeuka, mtoto alikuwa amelala vile vile, uso ukutani. Akajiambia amesinzia. Kusinzia ni kuzuri.

Mmoja wa mapacha ndiye aliyesema, kwa sauti kubwa ya mtoto asiyejua kunong'ona: "Mama, mbona anatoa mate?"

Fundi akamgeuza. Kitambaa chini ya shavu la Kifungo kilikuwa kimelowa chapachapa. Mate yalimtoka mfululizo pembeni mwa mdomo, wala hakuyafuta. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya, kuelekea shingoni.

"Kwa nini humezi?"

"Hayapiti," mtoto akasema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kana kwamba anaongea na kitu kooni.

Hapo ndipo Fundi alipomnyanyua. Alimwambia Mama Pacha ampigie simu binti yake kiwandani, amwambie wakutane kituo cha afya, na hakungoja jibu. Alitoka na tepu shingoni na pini zimechomekwa kifuani mwa shati. Njia aliijua, alipita kila siku akienda kununua uzi, lakini leo kila duka lilikuwa limesogea mbali na mwenzake. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wa makaratasi walimwona, wakaacha mpira. "Babu Shavuni! Babu Shavuni! Shavuni!" wakaimba wakimkimbilia, mashavu wameyatoa. Fundi akawapita. Jina hilo lilimchoma siku hiyo, na hakuna kati yao aliyekusudia kumchoma. Shingoni mwake alisikia pumzi ya mjukuu wake, inakoroma kidogo, inakatika, inarudi. Aliisikiliza pumzi hiyo kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote duniani.

Kituoni hawakumpanga foleni. Muuguzi alimtazama mtoto mara moja tu, akawafungulia mlango wa chumba cha meno. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimketisha Kifungo kwenye kiti kirefu, akamsogezea taa, akajaribu kumfungua mdomo. Ukafunguka upana wa unyasi. Akapapasa taya, akapapasa chini ya sikio, akapapasa shingo. Kila alipogusa, mtoto aliruka.

"Tangu lini hamezi?"

"Leo. Asubuhi. Sijui, daktari."

Mlango ukafunguka. Binti yake aliingia na aproni ya kiwandani, unga mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kumshika mtoto miguu, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Hakumtazama baba yake.

"Mama," daktari akasema, "nisikilize vizuri, hatuna muda mrefu. Siwezi kuona ndani. Uvimbe wa namna hii unaweza kuwa wa jino, na unaweza kuwa wa kitu kingine. Kama ni jino, napasua fizi sasa hivi, hapa hapa, usaha utoke. Kama si jino, sitaki kumpasua bure; nampa gari aende hospitali kubwa. Lakini kule ni mbali, na huu unaelekea kooni. Mtoto amewahi kulalamika jino?"

"Hajawahi."

"Lina shimo? Lilimuuma usiku? Anatafunia upande mmoja?"

"Hajasema kitu, daktari. Meno anasugua, namsimamia mwenyewe. Peremende hali, nilishazikataza."

Daktari akamgeukia Kifungo. "Mwanangu, tikisa kichwa tu. Jino lilikuwa linakuuma?"

Macho makubwa ya mtoto yalikwenda kwa mama yake, kisha yakaenda kwa babu yake, yakatulia hapo. Kifungo akatikisa kichwa. Hapana.

"Unakula vitu vitamu?"

Akatikisa tena. Hapana. Alikuwa hawezi kumeza mate yake mwenyewe, na bado siri aliishikilia.

Daktari akashusha pumzi, akamwambia muuguzi aulizie gari.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Gari lingekuja, hospitali kubwa wangejionea wenyewe kwa mashine zao, na neno lisingetoka kinywani mwake. Fundi alisimama na tepu yake shingoni, midomo imekauka. Aliogopa. Aliyaona macho ya mjukuu wake yakimwambia, nimenyamaza, Babu, nimefanya vizuri, na akaona aibu.

"Ni jino," akasema.

Wote wakageuka.

"Gego la nyuma kabisa, chini, kushoto. Lina shimo kubwa. Alinionyesha kabla ya likizo, nikamwambia asikusumbue." Hayo alimwambia binti yake, ila bado alikuwa akitazama sakafu. "Na peremende nampa mimi. Kila siku. Ikiisha nampa nyingine. Shavu hilo hilo."

"Babu!" Kifungo akalia kati ya meno, kwa uchungu ambao haukuwa wa jino.

"Sawa," daktari akasema, na tayari mikono yake ilikuwa kwenye trei. "Gari acheni. Mzee, mshike kichwa. Mama, mikono."

Fundi alimshika mtoto kichwa, kichwa kile kile alichokuwa akikishika tangu mtoto anazaliwa. Sindano ya ganzi iliingizwa pembeni. Kisha daktari akasubiri, akipima mapigo, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko kisu. Kisu kilipita haraka kwenye mwanya ule mwembamba. Mtoto alipiga ukelele uliozibwa, halafu usaha ukatoka, mwingi, wa kunuka, muuguzi akaufyonza kwa mpira, ukatoka mwingine. Walikuwa wanangoja. Kifungo akahema, akahema tena, na koo lake jembamba likapanda na kushuka.

"Amemeza," daktari akasema. "Mungu ni mwema. Amemeza."

Binti yake aliketi chini sakafuni, hapo hapo, na unga wake.

Baadaye, mtoto alipokuwa amelazwa na dawa inadondoka mshipani, daktari aliwaeleza. Taya likilegea atamng'oa hilo gego, maana limeoza hadi ndani. Fundi aliuliza, karibu kwa kunong'ona, kama kumumunyia shavuni si afadhali kuliko kutafuna.

"Mzee wangu, bora angetafuna akameza, yakaisha. Anayemumunya kutwa analiogesha jino hilo moja kwa sukari tangu asubuhi. Hata mate hayapati nafasi ya kulisafisha."

"Lakini si la utoto? Litaota lingine."

"Hili si la utoto. Hili huota nyuma ya yote, mtoto anapoanza shule, na halingoji jingine lidondoke. Ndiyo maana wengi wanalidhania la utoto. Halina la kulirithi. Likitoka, limetoka."

Fundi akavua tepu shingoni, akaikunja. Binti yake ndiye aliyesema, bila kupaza sauti, akiwa amempa mgongo: "Mchelea mwana kulia, Baba." Hakumalizia. Wote wawili walijua inavyomalizika.

Mtoto hakuletwa tena dukani. Shule zilifunguliwa, sare za mtaa mzima zikapita mlangoni zikiwa zimenyooka pasi, na kigoda kilibaki chini ya meza na mkebe wa vifungo visivyochambuliwa. Fundi alilitoa kopo chini ya vitambaa, akalimwaga. Mtoto mmoja aliyechelewa kupimwa aliingia, akatoa shavu, akaambiwa hakuna. Mtoto huyo alijinyonganyonga, Fundi akapima alivyoweza, na kaptula ikatoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama wa mtoto alirudi nayo kwa ghadhabu. Fundi aliifumua bila kujitetea, jambo lililomshangaza mama yule kuliko kaptula yenyewe.

Alasiri moja binti yake alisimama mlangoni. Kifungo alikuwa nyuma ya sketi yake, amekonda kidogo, uso umerudi kuwa wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Karibuni ndani."

"Siingii." Akamsogeza mtoto mbele, kisha akainama sikioni mwa baba yake. "Walipomng'oa walimpa jino lake, kalitia kwenye kiberiti. Kila asubuhi anapapasa pale kwa ulimi aone kama limeanza kuota. Ananiambia, Babu alisema lingine liko mlangoni. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Ukimaliza kumwambia, tutazungumza habari ya kumleta."

Akabaki nje, mgongo kwenye mwimo wa mlango.

Kifungo alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Akaingiza mkono kwenye mkebe wa vifungo, akavitikisa, akafurahi kuvikuta. Kisha akachomoa kiberiti mfukoni, akakifungua juu ya meza ya kukatia. Gego lilikuwa humo, kubwa kuliko Fundi alivyolidhania, na shimo lake jeusi likitazama juu.

"Babu, lingine litaota lini?"

Fundi akavua miwani. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda pale kopo lilipokuwa likikaa, ukakuta meza tupu.

"Halitaota, mjukuu wangu."

Mtoto akamtazama kwa subira, kama anayengoja mzaha ufike mwisho. "Lakini ulisema."

"Nilisema."

"Ulisema liko mlangoni."

"Sikuwa najua. Nilisema tu kama anayejua. Hilo lilikuwa la maisha yako yote, na halina jingine."

Kifungo akapitisha ulimi pale palipokuwa na jino. Shavu lake la kushoto likajaa kidogo, ulimi ukatafuta, shavu likarudi. Hakulia. Fundi alitamani angelia. Angejua la kufanya, au angalau zamani angejua. Mlangoni, mgongo wa binti yake ulikuwa haujasogea.

Mtoto akakifunga kiberiti. Akakisukuma juu ya meza, kikapita kati ya chaki na mkasi, hadi mbele ya babu yake.

"Basi kaa nalo wewe," akasema, akageukia vifungo vyake.